Mche wa Sabuni

Tuliikuta kando ya Barabara ya Jogoo, pikapu,
saa tisa, jua limekaa juu ya lami kama pasi.
Nyuma makasha ya vifaranga,
sauti mia tano nyembamba zikililia pamoja,
na chini, pale chuma kilipolirarua tanki,
petroli.
Si kwa nguvu. Tone, tone, kisha uzi,
uzi wa cherehani
ukijishonea njia kuelekea mtaroni.

Sajini Kerubo hakukimbia.
Mimi nilikuwa na wiki tatu kazini
na miguu yangu ilitaka kukimbia pande zote.
Akashuka, akachota vumbi, akaliachia,
akatazama linakokwenda.
"Upepo mgongoni. Kila mara.
Gari letu lirudi kule mwinukoni.
Unachokiona ni petroli. Usichokiona ndicho kinachoua:
mvuke wake hauruki, unatambaa,
unatafuta viatu vya watu, unatafuta jiko la muuza mahindi."

Na jiko lilikuwepo kweli, hatua arubaini hivi,
makaa yamewiva.
Nikalizima kwa mchanga
huku mwenyewe akinitukana ukoo mzima,
mahindi yake nusu mabichi.

Musembi, dereva, alikuwa anarudisha ufunguo.
"Nisogeze kidogo tu, vifaranga wanachomwa na jua."
"Toa mkono."
Hakupaza sauti. Mkono ukatoka.

Kisha wakaja wenye madumu.
Sijui habari hupita wapi katika mji huu,
lakini dakika tano hazijaisha
madumu ya njano yamepanga foleni
na mama mmoja kashika sufuria.
Sajini akamtazama huyo wa sufuria.
"Mama, jana ulipikia nini humo?"
"Sukuma."
"Basi nenda upikie tena kesho."
Watu wakacheka, kicheko kikawarudisha hatua tatu,
kamba yetu ikamaliza zilizobaki.

Wahenga walituonya tuzibe ufa, tusije tukajenga ukuta.
Hawakuwahi kuunusa ufa huu.

Mchanga ukaufunga mdomo wa mtaro.
Povu likatandazwa, jeupe, zito,
Wafubwa akabaki ameshika mpira, amelenga, hapepesi macho.
Nikagusa boneti.
"Betri iache kwanza. Nati ikitoa cheche
hatutapata nafasi ya kulaumiana."
Nikaiacha. Mkono wangu nikauficha mgongoni
kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Sabuni," akasema.
Nikadhani sikusikia.
"Ya mche. Kimbia pale kioskini."

Ogolla alishika kisu, hakukata.
"Nani analipa?"
"Kaunti."
"Kaunti nayo nitaikuta wapi nikiidai?"
Lakini alikata,
kipande cha buluu, kinene kuliko kipimo.

Sajini akaingia chini ya gari, chali,
povu mpaka masikioni,
akaikanda sabuni kwa glavu kama donge la chapati
akaisukuma ufani kwa kidole gumba,
taratibu, kidogo, tena kidogo.
"Petroli haiwezi kuiyeyusha," sauti ikatoka chini.
"Maji ndiyo yanaiyeyusha. Kwa hiyo, kijana,
usinimwagie maji hapa kwa huruma."
Uzi ukawa tone.
Tone likaning'inia, likafikiri,
halikudondoka.

Hakuna aliyepiga makofi.
Vifaranga waliendelea na kesi yao.

Jioni, tanki limeshafyonzwa hadi tone la mwisho,
vifaranga wamehamia gari jingine
(saba hawakuhama, Musembi aliwahesabu mara mbili),
sajini alipita kioskini na mimi nyuma yake.
Shilingi thelathini, sarafu tupu.
Ogolla alikuwa na sigara mdomoni, kiberiti mkononi.
Akazihesabu. Akavuta pumzi,
akamnusa, kofia, nywele, mikono,
akakirudisha kiberiti mfukoni
na sigara nyuma ya sikio,
bila kuambiwa.